Ugavi katika Sekta ya Umma na Sekta Binafsi

Mnyororo wa ugavi ni hatua zote zinazoifikisha bidhaa kwa mtumiaji: kununua, kusafirisha, kuhifadhi na kusambaza. Chukua mfano wa dawa nchini Tanzania. Mwenye duka binafsi la dawa hulinganisha bei, kisha huagiza kwa muuzaji wa jumla amtakaye. Akikosea, hasara ni yake.

Zahanati ya serikali huagiza kutoka Bohari ya Dawa (MSD), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Fedha zikiwa za wananchi, zabuni hutangazwa, wazabuni hushindanishwa na kumbukumbu hutunzwa kwa ukaguzi. Hatua hizo huchukua muda. Zahanati isipoagiza kabla akiba haijaisha, mgonjwa huondoka mikono mitupu.

Kumbuka: Ukiulizwa tofauti, usiandike tu "serikali huchelewa". Eleza fedha ni za nani na nani huwajibika.