Mgeni Aliyepewa Jembe, Asipewe Cheti

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Voi hupita Mackinnon Road, na wengi wetu husimama pale, tukatia udhu, tukaswali, tukamsomea Fatiha Sayyid Baghali. Yeye alikuja kutoka Bara Hindi kujenga reli mwishoni mwa karne ya 19, na kaburi lake li kando ya reli hiyo hiyo. Hakuna amwitaye mgeni. Lakini marehemu haulizwi karatasi. Taabu ni ya aliye hai.

Ukifika Voi, ukaishika njia ya Mwatate na Taveta, utayaona mashamba ya mkonge. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wamakonde wa Msumbiji walianza kuletwa na Waingereza miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani, Taita Taveta ikiwemo. Wengine walitoka Burundi na Rwanda. Hawa jembe walipewa siku ya kwanza. Walichonyimwa ni cheti.

Uhuru ulipofika, katiba ya 1963 ilimfanya raia mtu aliyezaliwa Kenya ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Mtoto wa wazazi wawili wageni hakuingia humo, hata kama hajapata kuiona nchi nyingine kwa macho yake.

Je, ndugu msomaji, mtu kama huyu hawezi kuomba ukaazi wa kudumu naye tayari yumo nchini? Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ina masharti yake. Mfanyakazi mgeni awe ameshika kibali cha kazi kwa miaka 7, na miaka 3 ya mwisho kabla ya kuomba awe amekaa humu mfululizo. Tazama basi: meneja aliyeajiriwa kutoka ng'ambo kwa barua na kibali, baada ya miaka 7 mlango wamfungukia. Mkata mkonge wa miaka 40, asiyepata kukishika kibali mkononi, miaka yake haihesabiki. Serikali haihesabu jasho, huhesabu karatasi.

Kwa ajili ya watu hawa sheria hiyo ilifungua mlango mwingine. Asiye na nchi, aliyekaa Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, na mhamiaji aliyeingia kabla ya siku hiyo, waliweza kuomba uraia, na wazao wao pia. Lakini mlango huo uliwekewa muda wa miaka 5, ukaongezwa 3, ukafungwa 2019.

Wamakonde hawakukaa kungoja. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, kwa barabara hii hii ipitayo Voi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe kabla ya mwaka kwisha. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Pwani yetu, wavuvi tunaoswali nao safu moja, walisubiri hadi 2023.

Sasa tuje nyumbani. Mpaka wa Taveta na Holili umetenga serikali mbili, haukutenga koo. Mwanamke wa upande wa Tanzania huolewa Voi, akazaa, akazeeka. Sheria yamruhusu kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 ya ndoa, na Katiba ya 2010 yampa haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7. Hata mume mgeni wa mwanamke Mkenya anayo haki hiyo siku hizi. Kabla ya 2010 hakuwa nayo. Wala mtu asidhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imeyamaliza. Mkataba wa soko la pamoja umeliacha suala la ukaazi wa kudumu mikononi mwa sheria za kila nchi.

Naam, mama huyo ataulizwa: cheti cha ndoa ki wapi? Hapa ndipo sisi Waislamu wa Pwani tunapojikwaa wenyewe. Ndoa imefungwa sebuleni, mahari yametolewa, mashahidi wapo, biriani imeliwa. Mbele ya Mungu ni ndoa kamili. Lakini habari haikufikishwa kwa kadhi, wala kitabu hakikuandikwa, ilhali Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka hata ndoa ya Kiislamu isajiliwe. Miaka 20 baadaye mwalimu aliyeozesha amefariki, mashahidi wametawanyika, na mama wa watoto watano hana la kuonyesha dirishani.

Chuoni tulisomeshwa Suratul Baqara, na humo tumeamriwa kuandika deni hata likiwa dogo. Ikiwa deni la fedha laandikwa, itakuwaje haki ya mke iachwe hewani?

Ukaazi wa kudumu si uraia. Mwenye nao hapigi kura, na ardhi huipata kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Lakini anaweza kufanya kazi, kusoma, kutoka na kurudi, na kulala usingizi bila kuogopa hodi ya usiku.

Tulimpa mgeni jembe, akalima. Wengine tuliwapa na mabinti zetu, na binti zao tukawaoa. Kilichobaki ni karatasi, na ile ya ndoa iko mikononi mwetu. Tuiandike leo, mashahidi wangali hai.