Haki hupotea kabla ya rufaa: kazi ya wakili wa mafao ya wafanyakazi

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne hapa Malindi na sasa asubiri kwenda chuo. Juma lililopita alikuja nyumbani baada ya Magharibi, akakaa barazani, akaniambia: "Mjomba, mimi nataka kusomea sheria. Lakini sitaki kesi za mauaji wala za mashamba. Nataka kuwa wakili wa rufaa wa mafao ya wafanyakazi." Mamake alicheka, maana hakujua kama kuna kazi kama hiyo. Mimi sikucheka. Nilijua alikoitoa fikra ile, na nusu ya sababu ni mimi.

Babake, yaani shemeji yangu, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya kitalii hapa pwani kwa miaka 14. Hoteli siitaji. Mimi nilikuwa karani wa mishahara katika hoteli hiyohiyo, kazi niliyoipata kwa diploma yangu ya uhasibu. Kila mwisho wa mwezi niliandika kwenye stakabadhi ya kila mtu: NSSF, shilingi 200. Kulikuwa na miezi ambayo pesa zile zilikatwa na hundi haikwenda popote. Nilijua. Nilimuuliza mkubwa wangu mara moja, akasema tungoje msimu, nami nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa na watoto wa kusomesha. Masika moja hoteli ikafungwa kama zifungwavyo hoteli nyingi za Malindi na Watamu kila mwaka. Haikufunguliwa tena.

Kisa hicho nitakirudia. Kwanza nieleze kazi anayoitaka huyu mtoto, kwa sababu wengi wetu twaijua siku tuliyokwisha kuchelewa.

Mafao ni nini?

Mtu akiajiriwa, mshahara si haki yake pekee. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo, na mama aliyejifungua miezi 3. Akipunguzwa kazini kwa sababu kazi yenyewe imekwisha, hulipwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Kibarua aliyeandikwa kwa siku, akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima, sheria humhesabu kama mwajiriwa wa mwezi hata kama bosi aendelea kumwita kibarua. Wafanyakazi wa chumvi kule Gongoni na Marereni, wa mkonge Vipingo na wa hoteli Watamu wapaswa kuijua hii kama wajuavyo majina yao.

Kisha kuna fedha za uzeeni: pensheni, kiinua mgongo, NSSF. Hapa ndipo penye mafundo. Sheria hiyohiyo yasema anayeachishwa kwa notisi alipwe malipo ya utumishi kwa kila mwaka. Lakini yaongeza kwamba aliye mwanachama wa NSSF au wa mfuko wa pensheni hana dai hilo. Sasa fikiria mpishi aliyekatwa pesa za NSSF ambazo hazikufikishwa. Mwajiri amwambia, "Wewe ni mwanachama, nenda NSSF." Aenda NSSF akuta akaunti ina mapengo. Masuala ya namna hii ndiyo chakula cha wakili wa mafao.

Wa rufaa ana tofauti gani?

Wakili wa kawaida hupeleka kesi, huita mashahidi na huwahoji. Wakili wa rufaa huingia baada ya hukumu. Kazi yake ni kuonyesha kwamba aliyehukumu alikosea, au kuitetea hukumu iliyo sawa isivunjwe. Haiti shahidi mpya. Majaji wa rufaa huupima upya ushahidi, lakini ni ule ule uliotolewa chini, katika maandishi. Kuleta ushahidi mpya ni mpaka mahakama iruhusu, na hairuhusu kwa urahisi.

Kazi hii kwa Kenya ni changa. Mahakama ya Viwanda ilianzishwa mwaka 1964, na kwa miaka mingi uamuzi wake ulikuwa wa mwisho: hakuna rufaa. Sheria za kazi za mwaka 2007 ndizo zilizofungua njia ya kwenda Mahakama ya Rufaa, na Katiba ya 2010 ikaipandisha daraja mahakama ya wafanyakazi ikawa sawa na Mahakama Kuu. Ndiyo hii twaiita leo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Ngazi zenyewe ni hizi. Aliyekuwa akilipwa shilingi 80,000 kwa mwezi au chini ya hapo huanzia kwa hakimu. Asiporidhika, akata rufaa Mahakama ya Ajira ndani ya siku 30. Kutoka hapo ni Mahakama ya Rufaa, ambayo tangu 2013 ilianza kukaa hata hapa Malindi, watu wa pwani wasilazimike kupanda basi hadi Nairobi kwa kila jambo. Juu kabisa ni Mahakama ya Juu, na huko huingii kwa kuwa umekasirika tu: lazima pawe na suala la Katiba au jambo linalowagusa watu wengi.

Hata hiyo ngazi ya hakimu ina mkono wa Malindi ndani yake. Chama cha mawakili wa hapa, Malindi Law Society, kilipinga mahakimu kupewa kesi za ardhi na za kazi. Majaji watatu wa Mahakama Kuu waliokaa Malindi wakakubaliana nacho mwaka 2016. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema mahakimu wanaweza kuzisikiza. Mpishi wa Watamu anayefungua dai lake leo kwa hakimu apita mlango uliogombewa hapahapa kwetu.

Kugonga mlango usio wake

Mfano mkubwa wa pwani ni kesi ya mfuko wa pensheni wa Mamlaka ya Bandari Kenya. Wanachama 149, wengi wao wazee wa bandarini, waliwashtaki wadhamini wa mfuko wao kuhusu mafao. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2019 majaji wakaamua jambo ambalo halikuhusu kama wazee wale wanadai haki au la: wadhamini wa mfuko si mwajiri, kwa hiyo Mahakama ya Ajira haikuwa pahali pake, na Mahakama Kuu pia haikuwa pa kuanzia. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 ina njia yake. Mwanachama aliyedhulumiwa huanza kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, na asiporidhika huenda kwenye Jopo la Rufaa.

Ndugu msomaji, hebu ifikirie hukumu hiyo. Mzee aliyebeba mizigo maisha yake yote apanda ngazi ya mahakama hadi juu kabisa, kisha aambiwa arudi akagonge mlango wa kwanza. Wakili aliyebobea katika mafao thamani yake iko hapo. Kabla ya kuandika neno moja, huuliza: wamdai nani? Mwajiri? Wadhamini? NSSF? Kila mmoja ana mlango wake.

Na suala la mlango huweza kukwamisha nchi nzima. Sheria mpya ya NSSF ya mwaka 2013 ilinuia kuondoa ule mchango wa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri, badala yake kila mmoja atoe asilimia 6. Ikapelekwa kortini. Septemba 2022 Mahakama ya Ajira ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo, ikisema Mahakama ya Ajira haikuwa na uwezo wa kuisikiza kesi. Makato mapya yakaanza. Februari 2024 Mahakama ya Juu nayo ikasema uwezo ilikuwa nao, ikairudisha kesi Mahakama ya Rufaa isikizwe kiini chake. Miaka kumi na zaidi, na kila mwenye mshahara yumo ndani.

Siku ya kazi yake

Mpwa wangu alidhani ni kusimama mbele ya majaji na kuunguruma. Nikamwambia asidanganywe na sinema. Sehemu kubwa ni kukaa na kusoma. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Ajira, wakili ana siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufaa, kisha siku 60 za kuleta rekodi nzima: madai, majibu, maneno ya mashahidi yaliyochapwa, vielelezo, hukumu yenyewe. Karatasi moja muhimu ikikosekana, rufaa yaweza kutupwa. Huandika hoja zake, na siku ya kusikizwa, ambayo tangu 2020 mara nyingi huwa kwa njia ya video, hupewa muda mfupi mbele ya majaji watatu.

Kufika huko ni safari. Shahada ya sheria ni miaka 4. Kisha Kenya School of Law, Nairobi, mitihani, na miezi 6 ya kujifunza chini ya wakili mzoefu. Kisha kiapo mbele ya Jaji Mkuu, na cheti cha kazi kinacholipiwa kila mwaka. Hakuna shahada ya kwanza iitwayo "rufaa ya mafao". Huo ni ubobezi wa miaka, na aujengaye huanza na kesi ndogondogo za mabawabu na wapishi.

Pesa? Nilimwambia ukweli. Mawakili wengi wa kazi huishi kwa kuwatetea waajiri, kwa sababu wao ndio walipao kwa wakati. Na Sheria ya Mawakili haimruhusu wakili kukubaliana na mteja kwamba atalipwa akishinda tu. Ndiyo maana maskini hupata tabu kumpata mtetezi. Njia moja ni chama cha wafanyakazi. Wa hoteli wana KUDHEIHA, na afisa wa chama aruhusiwa na sheria kumwakilisha mwanachama katika Mahakama ya Ajira.

Miaka mitatu na miezi minne

Sasa nirudi kwa shemeji. Hoteli ilipofungwa hakwenda kortini. Aliambiwa mwenyewe yuaja kutoka Ulaya. Kikawekwa kikao na afisa wa leba, kikafuata kingine, na kila msimu ukawa na ahadi yake. Alipofungua kesi, ilikuwa imepita miaka 3 na miezi 4. Hakimu akaitupa. Tukachanga nauli, tukaenda Mombasa kumwona wakili mmoja mama, aliyesifika kwa rufaa za wafanyakazi.

Alimuuliza mambo matatu. "Kazi yako iliisha tarehe ngapi, baba? Barua iko wapi? Stakabadhi za mshahara ziko wapi?" Tarehe alikuwa nayo, na hiyo ndiyo iliyomfunga. Barua hakuwahi kupewa. Stakabadhi zilikuwa kwenye kabati chini ya paa linalovuja, na mvua ilikuwa imezimaliza.

Yule mama alivua miwani. Alisema sheria yatoa miaka 3 kwa dai la kazi, na kwa kosa linaloendelea miezi 12 tangu likome, na mahakama haina uwezo wa kuongeza hata siku moja. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa, na Mahakama ya Rufaa imeshalisema hilo. "Naweza kuchukua pesa yako na kuandika rufaa," alimwambia, "lakini nitakuwa nakudhulumu mara ya pili." Hakutoza hata ada ya kuonana. Binti yake shemeji alikuwa amekaa pembeni, darasa la saba, asikiza.

Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hilo twalisema sana minbarini. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na hilo twalisahau. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari la mfanyakazi ni stakabadhi zake. Ziweke mbali na mvua, pamoja na barua ya kuajiriwa na ya kuachishwa. Omba taarifa ya NSSF kila mwaka ungali kazini, na ukiona pengo, uliza siku hiyo. Kazi ikiisha, andika tarehe ukutani. Zungumza na mwajiri ukitaka, lakini hesabu miaka yako mitatu.

Na wewe karani uliyekaa pale nilipokaa mimi, kumkata mtu pesa na kutozifikisha ni kosa la jinai, na mwandiko ni wako.

Usiku ule barazani nilimwambia mpwa wangu jambo ambalo sikuwahi kumwambia babake: kwamba nilijua kuhusu ile miezi. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Mjomba, daftari lako la mishahara ungali nalo?"

Sinalo. Nililiacha ofisini siku walipofunga lango. Shemeji sasa auza viazi karai jioni karibu na stendi ya matatu. Nami kesho, inshallah, nitakwenda kukaa naye kwenye ule ubao wake, nimwambie mwenyewe.