SIKIO NA KAZI ZAKE

Wengi wetu hudhani sikio ni hili tunalochomeka kalamu tu. Hili la nje hukusanya sauti. Sauti huingia tunduni na kutikisa kiwambo, ngozi nyembamba kama ya ngoma. Nacho hutikisa vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo zaidi mwilini, kama milimita 3 hivi! Hapo katikati pia pana mrija unaofika kooni. Ndiyo maana ukishuka kwa gari kutoka Timau hadi Isiolo masikio yakaziba, ukimeza mate yanazibuka.

Ndani kabisa kuna koklea, iliyojiviringa kama konokono. Humo vinyweleo vidogo mno hugeuza mtikisiko kuwa ujumbe, na neva huupeleka kwenye ubongo.

Sasa jameni, vinyweleo hivyo vikifa havioti tena! Sisi wa kutwa tunaopanda matatu hapa Kinoru, tuache kugombania kiti cha karibu na spika. Tena tusijichokonoe kwa njiti ya kiberiti, kiwambo kitatoboka.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Letu lingali hai, basi tulitunze.