Kupogoa Mjohoro wa Uani: Funzo kutoka Mara

Mwanachama akisafiri hadi Musoma, Bunda au Butiama, mkarafuu hatauona. Atakuta mijohoro imesimama viwanjani, ikiwapa watu kivuli, kuni na nguzo. Mti huu, kama mkarafuu wetu, asili yake ni Asia, nao hubaki na majani mabichi mwaka mzima. Lakini mjohoro hukua upesi mno, na hapo ndipo taabu inapoanza. Baada ya miaka michache tu tawi limekwisha kulalia bati, na upepo wa Ziwa Victoria ukivuma mwenye nyumba hapati usingizi.

Basi hushika panga. Hukata kwa juu tu, tawi likainama kwa uzito wake, likaanguka na gome la shina. Jeraha hilo haliponi upesi. Kuvu huingia, moyo wa mti ukaoza huku majani yangali mabichi. Mti wa namna hiyo ndio unaoweza kuiangukia nyumba.

Njia iliyo bora ni hii:

Kwanza, anza mti ungali mdogo. Chagua shina moja lililonyooka, na uondoe matawi yangali na unene wa kidole gumba.

Pili, tawi nene likatwe kwa msumeno mara tatu. Kata chini yake kidogo, kiasi cha futi moja kutoka shinani. Kisha kata juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke bila kurarua gome. Mwisho ondoa kipande kilichobaki, karibu na ile pete iliyotuna tawi linapoungana na shina. Pete yenyewe usiikate, kwani ndiyo inayofunika jeraha.

Tatu, usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Kazi ifanywe kiangazi, Juni hadi Agosti.

Nne, tawi lililo karibu na waya wa umeme usiliguse. Waite mafundi wa TANESCO.

Mambo haya yanatuhusu na sisi wa karafuu. Mchumaji akivuta tawi kwa nguvu likapasuka, kuvu huingia jerahani, na tawi hukauka kushuka chini. Kwa hiyo tuchume kwa taratibu, na lililovunjika likatwe vizuri siku ile ile. Msumeno mmoja mkali watosha kwa miti yote miwili.