Karema: safari ya familia kutoka Nsemulwa

Wakazi wa Nsemulwa mjini Mpanda wanaweza kuwaonyesha watoto historia bila kutoka Mkoa wa Katavi. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879. Mwaka 1885 waliikabidhi kwa Mapadre Weupe, ikawa misheni.

Hapo ndipo alipofanya kazi Dk. Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Mali, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta. Alifika mwaka 1889, akatibu wagonjwa kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki 1956.

Mzazi, mkifika Karema vaeni kwa heshima, kisha watafuteni wazee. Waliomwona Atiman kwa macho wanazidi kupungua. Wanao wawasikilize mapema.