Usimwage vitamini pamoja na maji ya mboga

IKIWA ndio umeanza kujitegemea katika chumba cha kupanga na sasa wajipikia mwenyewe, bila shaka sukuma wiki itakuwa miongoni mwa vyakula vya kwanza kuingia sufuriani mwako. Bei yake ni nafuu, hupatikana kila mtaa na huandamana vyema na ugali.

Hata hivyo, wengi wanaoanza kupika huichemsha mboga kwa maji mengi hadi ikabadilika rangi, kisha humwaga maji hayo. Anayefanya hivyo hushiba, lakini sehemu kubwa ya faida aliyoinunua sokoni huwa imeteremka na maji machafu.

Mboga za majani zina vitamini C, foleti, madini ya chuma na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini A hulinda macho na kuusaidia mwili kupigana na maradhi. Foleti na madini ya chuma huhitajika katika kutengeneza damu. Aidha, mwanamke akikosa foleti ya kutosha kabla ya kushika mimba na katika wiki za mwanzo, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo.

Vitamini C na foleti huyeyuka majini na huharibiwa na moto mwingi. Kwa hivyo, kanuni ya kukumbuka ni hii: maji kidogo, muda mfupi.

Osha kabla ya kukata

Mama mboga wengi humkatia mteja sukuma. Ni msaada mkubwa kwa anayetoka kazini jioni, lakini majani yaliyokatwa hupoteza vitamini C upesi yanapopigwa na hewa. Ukiyaosha baadaye, nyingine huenda na maji. Usipoyaosha, uchafu wa shambani, wa kisu na wa mikono huingia nao sufuriani.

Uchafu huo si jambo la kupuuza. Baadhi ya mboga zinazouzwa mijini hukuzwa kando ya mito iliyochafuliwa na maji taka, na maji ya aina hiyo hubeba viini vya homa ya matumbo na kipindupindu. Nunua majani mazima, yenye rangi ya kijani kibichi na yasiyonyauka. Yaoshe moja moja kwa maji safi, pande zote mbili, kwani wadudu wadogo hujificha upande wa chini. Badilisha maji hadi yasalie bila mchanga. Kisha toa ule mshipa mnene wa katikati na ukate majani yako.

Jinsi ya kupika

Pasha moto kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Usiyaache kabisa, kwa sababu mwili huhitaji mafuta kidogo ili kuipokea karotini. Kaanga kitunguu kilainike, tia nyanya ziive, kisha tia sukuma. Huna haja ya kuongeza maji. Yale yaliyobaki kwenye majani baada ya kuoshwa yatatosha. Geuza, funika, na baada ya dakika tano hivi angalia kama imelainika. Spinachi huiva upesi zaidi.

Usishangae ukiona rundo lililojaa sufuria limenywea na kubaki kidogo. Ndiyo sababu chumvi hutiwa mwisho. Anayeitia mapema hukadiria kwa kuangalia rundo, na mboga ikishanywea huwa hailiki kwa chumvi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kutoka vyakula vyote.

Mnavu na kunde ni ngumu kiasi na huhitaji kuchemshwa kwanza. Tumia maji machache na ufunike sufuria. Ukichukizwa na uchungu wa mnavu, tia maziwa badala ya kuuchemsha na kumwaga maji mara kwa mara. Magadi nayo hulainisha mboga haraka, lakini huharibu vitamini C.

Chai ingoje

Madini ya chuma yaliyo katika mboga huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Nyanya, limau au chungwa katika mlo huo huo husaidia, kwa sababu ya vitamini C. Chai na kahawa huzuia. Ni bora kuzinywa saa moja au zaidi baada ya chakula, hasa ikiwa wewe ni mja mzito au umewahi kuambiwa damu yako ni pungufu.

Anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga anachokula kabla ya kumwona daktari, kwani vitamini K iliyo ndani yake hupunguza nguvu za dawa hiyo.

Ukifunua sufuria na kuona majani yangali kijani na mchuzi kidogo chini, umepika vyema. Usiumwage mchuzi huo. Chovya ugali wako humo.