Amekuazima mkono, usiuvunje!

Leo tunaongelea mchezo ambao wengi wenu mmeuona kwenye simu tu: jujitsu ya Brazili. Usidhani nataka kukufundisha kupigana. Nataka kukuambia habari za mwenzako wa mazoezi, na jinsi mimi nilivyomuumiza wa kwangu.

Mwaka 2023 nilikaa miezi mitatu Rio de Janeiro, Brazili. Mchana nilikuwa kwenye mafunzo ya kazi, jioni ukumbini. Mchezo wenyewe nilianza nikiwa chuo kikuu, tukiwa watu wanne na mikeka ya sponji ya kuazima. Kwa hiyo kufika Rio kwangu ilikuwa kama mpenzi wa taarabu kufika Unguja! Kireno sikukijua, ila sikio lilinasa maneno mawili matatu: mesa ni meza, bandeira ni bendera. Wareno walituachia maneno hayo pwani zamani. Neno jingine nilijifunza kwa aibu. Tutalifikia.

KWANI NI MCHEZO GANI?

Hakuna ngumi wala mateke. Mnashikana, mnaangushana, halafu mnapambana chini mpaka mmoja amfunge mwenzake. Anamfunga kwa kukunja kiungo, mfano kiwiko au bega, au kwa kumpiga kabali. Aliyefungwa anamgonga mwenzake kwa kiganja mara mbili tatu, pa-pa! Maana yake: basi, niachie. Mwenzake anaachia palepale. Wanapeana mikono, wanaanza upya.

Asili yake ni Japani. Jigoro Kano alianzisha shule yake ya judo, Kodokan, mjini Tokyo mwaka 1882. Mtu wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, akaja kufundisha katika mji wa Belém. Huko kijana Carlos Gracie akajifunza. Yeye na ndugu zake, akiwemo mdogo wake Hélio, ndio walioukuza mchezo huu mpaka ukawa wa Kibrazili.

Kano alisisitiza jambo moja kwa wanafunzi wake: mimi na wewe tufaidike pamoja. Na kweli, katika mchezo huu huna namna nyingine. Kukimbia unaweza peke yako. Chuma unaweza kunyanyua peke yako. Lakini kufunga kiwiko utajifunza kwa nani? Mfuko wa mchanga hauna kiwiko, wala hautakuambia, "Hapo umekosea." Kidole kimoja hakivunji chawa.

SIKU NILIYOHARIBU

Pale ukumbini kulikuwa na kaka mmoja anayepeleka vyakula kwa pikipiki. Yeye kilo 80 hivi, mimi 56. Alikuwa na mkanda wa zambarau, mimi mweupe wa kuanzia. Kila jioni alinichagua. Alikuwa hanilalii kwa uzito wake. Ananipa nafasi, nikikosea ananirudisha taratibu.

Wiki ya tano nikaupata mkono wake. Jamani, nilifurahi! Wenzangu wanatazama, mimi mgeni, mdogo, nimemkamata mkubwa. Badala ya kunyoosha polepole, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kugonga kwake na mlio wa kiwiko vilikuja pamoja.

Hospitali walimpiga picha. Mfupa ulikuwa mzima, ila nyuzi zinazoshikilia kiungo zilikuwa zimeumia. Aliambiwa apumzike wiki tatu. Sasa fikiria: pikipiki haiendeshwi kwa mkono mmoja. Wiki tatu bila kazi ni wiki tatu bila hela.

Na kumbe ule mkono sikuupata. Alinipa nijifunze! Aliniazima kitu anachokitegemea kula, mimi nikakifanya cha kujionyeshea.

KUGONGA SI AIBU

Tarehe 23 Oktoba 1951, Hélio Gracie alipambana na Mjapani Masahiko Kimura hapo hapo Rio. Kimura aliukunja mkono wa Hélio mpaka ukavunjika, Hélio hakugonga. Kaka yake Carlos ndiye aliyesimamisha pambano. Mpaka leo mkunjo ule wa mkono unaitwa kimura. Watu wanamsifu Hélio kwa ushujaa, sawa. Lakini wewe una mtihani na una madaftari ya kuandika. Mazoezini hakuna kombe. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walishasema.

Anayegonga mapema anarudi kesho. Na anayegongewa hana ruhusa ya kuuliza, "Kwani imeuma?" Anaachia kwanza. Ukweli huu hauishii mkekani. Rafiki au mpenzi akikuambia "basi" au "sitaki", hiyo nayo ni kugonga. Usisubiri arudie.

KUMTUNZA MWENZAKO

Iwe jujitsu, judo au mieleka ya shuleni, mambo haya yanahusu:

- Oga na fua nguo za mazoezi kila mara. Choa na majipu huambukizwa kwa ngozi kugusana.
- Kata kucha. Vua hereni, pete na cheni.
- Una kipele au kidonda kinachotoa maji? Pumzika mpaka kipone. Kukaa pembeni ni heshima kwa wenzako.
- Damu ikitoka, simameni. Osha, funga kidonda, safisheni mkeka. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa jasho wala kwa kushikana, ila damu ya mtu yeyote usiichezee.
- Umegonga kichwa na unasikia kizunguzungu au kichefuchefu? Siku hiyo mazoezi yameisha. Mwambie mwalimu, nenda kituo cha afya.

Na hili naomba lisomwe mara mbili. Msijaribishe kabali bwenini! Kabali inabana mishipa ya pembeni ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo. Mtu anaweza kuzimia kwa sekunde 10 hivi. Akiendelea kubanwa, ubongo unaharibika, na anaweza kufa. Aliyezimia hawezi kugonga. Ndiyo maana inafundishwa mbele ya mwalimu tu.

NENO LENYEWE

Baada ya siku ile hakuna aliyenifukuza. Ila wakati wa kuchaguana wawili wawili, nilibaki nimesimama. Watu hawana ubaya, wanaogopa viungo vyao. Nilikwenda kumwomba msamaha nyumbani kwake, nikiwa na chakula na kiasi cha fedha nilichoweza. Fedha alikataa, chakula tukala.

Wiki ya nne akarudi, kiwiko kimefungwa bendeji. Mwalimu akasema tuchaguane. Nikatazama chini. Nikaona miguu yake imesimama mbele yangu. Alikaa, akaninyooshea mkono ule mzima, akasema neno moja: "Devagar." Yaani, taratibu.

Nilirudi nyumbani na mkanda wangu ule ule mweupe. Sasa nafundisha vijana wachache Jumamosi. Somo la kwanza hatukunji mkono wa mtu. Tunajifunza kugonga, na kuachia.

JADILINI DARASANI

1. Je, umewahi kuendelea na mzaha baada ya mwenzako kusema "basi"? Ilikuwaje?
2. Kwa nini wengine wanaona aibu kusema wameumia?
3. Katika michezo ya shule yenu, nani anamtunza nani?

Tuandikie utuambie. Haya, tuonane toleo lijalo. Taratibu!